Uzito wa Antivirusi Huwa Unakwenda Wapi?

Kwenye meza za mafundi kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi kwenye vibanda vya stendi za mikoani, ombi ni lile lile: "Fundi, niwekee antivirusi ambayo haitafanya mashine iwe nzito." Fundi hutaja jina moja, lile alilozoea, anaiweka, na mteja anaondoka ameridhika. Muda si mrefu mashine inarudi kuwa nzito vilevile, lawama zinaiangukia antivirusi mpya, na msako wa nyingine unaanza.

Hakuna antivirusi isiyo na uzito. Kazi ya kukagua mafaili lazima ifanyike mahali fulani. Kama haifanyiki kwenye prosesa yako, basi imehamishiwa kwenye seva ya kampuni iliyo mbali, au imesogezwa hadi saa nyingine, au haifanyiki kabisa. Kwa hiyo anayechagua antivirusi anapaswa kuuliza uzito wake umepelekwa wapi, na kama hapo ulipopelekwa yeye atapamudu. Wengi wetu tunatumia kompyuta za mtumba zenye hadidiski (diski ya zamani inayozunguka), RAM ya GB 4, na intaneti ya bando linaloisha. Jibu letu haliwezi kufanana na la mtu wa Berlin mwenye mashine mpya na intaneti isiyokatika.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Antivirusi huweka draiva yake, yaani programu ndogo ya ndani ya mfumo, katikati ya Windows na diski, na kila faili linalotaka kufunguliwa hupita mikononi mwake kwanza. Ukibofya Word, Windows haifungui faili moja. Inafungua mamia: maktaba za programu, fonti, mipangilio, kiolezo cha ukurasa. Kila moja husimamishwa kidogo, kama malori kwenye mizani ya Vigwaza, ambapo hata lenye mzigo halali lazima lipite. Zinazoitwa nyepesi hutumia ujanja wa kukumbuka: faili lililokwisha kukaguliwa na halijabadilika tangu hapo huachwa lipite. Kwa sababu hiyo, karibu kila antivirusi huwa nzito siku za mwanzo na kupungua baadaye, ikishayajua mafaili yako. Kuihukumu jioni ile ile uliyoiweka ni kuionea.

Kuna taasisi mbili ambazo vipimo vyake hunukuliwa sana. Moja ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo hutoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa uzito na 6 kwa urahisi wa matumizi. Nyingine ni AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, ambayo hupima kazi za kawaida: kunakili mafaili, kubana na kufungua folda zilizobanwa, kusakinisha programu, kuzifungua, kupakua, na kuperuzi tovuti. Mimi huisoma zaidi ya Innsbruck, kwa sababu kule Magdeburg programu nyingi hupata 6 au karibu yake kwenye safu ya uzito, na safu hiyo haisaidii sana kuzitofautisha.

Lakini soma pia maelezo ya mashine iliyotumika. AV-Comparatives husema wazi kwamba hupima kwenye mashine dhaifu yenye prosesa ya Core i3. Kwao hiyo ni mashine ya hali ya chini. Ina SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Kompyuta inayotumika kwenye steshenari ya jirani na chuo haina. Tofauti ndogo kati ya antivirusi mbili kwenye SSD inaweza kuwa kubwa mno kwenye hadidiski, na ripoti haitakuonyesha hilo kwa sababu haikulipima. Kwa hiyo itumie kuangalia safu za kazi unazozifanya wewe, na usishikilie sana nani kashika namba moja. Mwenye steshenari atazame safu ya kunakili na kufungua mafaili. Mtu anayeandika ripoti na kutuma barua pepe hana haja ya kujali inachukua sekunde ngapi kusakinisha programu mpya.

Sasa twende kwenye hicho kinachoitwa wingu, kwa sababu wepesi mwingi unaotangazwa leo umetoka huko. Panda, kampuni ya Hispania, ilikuwa ya mwanzo kuuza wazo hili kwa watumiaji wa kawaida, mwaka 2009. Kompyuta yako inabaki na programu ndogo. Inapokutana na faili isilolijua, inatuma alama za utambulisho wa faili hilo kwenye seva, na hukumu inatolewa kule. Leo karibu zote hufanya hivyo kwa kiasi fulani, hata Microsoft Defender, antivirusi inayokuja ndani ya Windows. RAM inapumua, prosesa inapumua, na orodha ya virusi haijazi diski. Ni wazo zuri, na inapokuwepo intaneti linafanya kazi vizuri kweli.

Tatizo ni pale isipokuwepo. Katika vipimo vyao vya kugundua virusi, AV-Comparatives huchapisha safu mbili: kiwango cha kugundua kompyuta ikiwa na intaneti, na kiwango ikiwa haina. Kwa baadhi ya programu pengo ni dogo. Kwa nyingine, Panda ikiwa miongoni mwao, pengo ni kubwa sana. Safu hii ya pili karibu haizungumzwi Ulaya, lakini kwetu ndiyo ya kwanza kuisoma. Bando linaisha saa nne usiku, mtu anachomeka flashi aliyopewa kazini, na kile kinachomlinda wakati huo ni kile tu kilichomo ndani ya mashine. Na si suala la bando peke yake. Mei 12, 2024, kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisi ziliendelea kufanya kazi, bila shaka watu walibadilishana mafaili kwa flashi zaidi ya kawaida, na kila antivirusi inayotegemea wingu ilikuwa na macho nusu katika siku ambazo maambukizi ya mkono kwa mkono yana nafasi zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaosema "chukua inayotumia RAM kidogo". RAM kidogo inaweza kuwa ishara ya uhandisi mzuri, na inaweza vilevile kuwa ishara kwamba akili yote iko nje ya nyumba yako.

Kabla ya kubadilisha antivirusi, thibitisha kwanza kwamba ndiyo yenye kosa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha bofya kichwa cha safu ya Disk ili wanaokula diski wajipange juu. Kwenye kompyuta yenye hadidiski, dakika chache baada ya kuiwasha, utaona diski imefika asilimia 100 na rangi yake imekolea, huku prosesa ikiwa haijafika hata robo. Juu ya orodha mara nyingi lipo jina Antimalware Service Executable, ambalo ndilo Defender. Hapo watu husimama na kutoa hukumu. Endelea kushuka. Chini yake utakuta Windows Update inapakua, huduma ya utafutaji inapanga orodha ya mafaili, kivinjari kinafungua vichupo vya jana, na wakati mwingine OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambayo mwenye mashine hajui hata kama ipo. Izime antivirusi kwa muda, na katika mashine nyingi za namna hii diski itabaki pale pale kwenye 100.

Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Hadidiski ya laptop ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kutafuta kila kipande cha faili. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika, inaweza kusoma takriban mia moja kwa sekunde, mara nyingi chini ya hapo. SSD ya kawaida ya SATA husoma makumi ya maelfu. Kuwasha Windows na kufungua programu ni kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika, na kukagua virusi ni hivyo hivyo. RAM ya GB 4 ikijaa, Windows huanza kutumia diski hiyo hiyo kama RAM ya ziada, na foleni inazidi kurefuka. Antivirusi iliyo nyepesi kuliko zote duniani itasimama kwenye foleni ile ile.

Kwa hiyo kwa mwenye hadidiski, ushauri wangu ni mmoja na siupunguzi: fedha uliyotenga kwa ajili ya leseni ya antivirusi, anzia nayo kwenye SSD. Baki na Defender, ambayo tayari umeilipia ndani ya Windows, na umwombe fundi ahamishe mfumo kwenye SSD badala ya kukupigia Windows upya kila unapolalamika. Ukipata nafasi ya pili, ongeza RAM ifike GB 8. Baada ya hapo ndipo swali la antivirusi ipi ni nyepesi linapoanza kuwa na maana.

Siisifii Defender zaidi ya inavyostahili. Katika vipimo vya uzito vya Innsbruck imekuwa mara nyingi nyuma ya ESET, McAfee, K7 na Kaspersky. Kwa takriban miaka 5 watumiaji wa Firefox walilalamika kwamba inakula prosesa wanapoperuzi, mpaka mwaka 2023 wahandisi wa Mozilla na Microsoft walipopata chanzo na kukirekebisha. Kuna mambo mawili unayoweza kuyarekebisha mwenyewe. La kwanza ni muda wa ukaguzi mkubwa: kupitia Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, unaweza kuupeleka saa ambayo kompyuta inawaka na wewe huitumii, mfano saa ya chakula cha mchana. La pili ni kuizuia isikague folda fulani. Hili lina hatari yake. Mtu anayeandika programu za kompyuta ana sababu ya kuiondoa folda yake ya kazi yenye maelfu ya mafaili madogo. Lakini nimewaona watu wakiiondoa folda ya Downloads, au diski D nzima, ili tu mashine iwe na spidi, na hiyo Downloads ndiyo mlango wenyewe.

Uzito mwingine hauna uhusiano wowote na virusi, na huu ndio unaonikera zaidi, kwa sababu umewekwa kwa makusudi. Mwaka 2021 Norton 360 iliongezewa kipengele cha kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kutumia kompyuta ya mteja, na kampuni ikichukua sehemu ya mapato. Kilikuwa cha hiari, ni kweli, lakini kilikuja ndani ya bidhaa iliyonunuliwa kwa ajili ya ulinzi. Avast nayo ilikusanya historia ya kuperuzi ya watumiaji wake na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020 baada ya habari kufichuka. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaidai Avast dola milioni 16.5. Leo Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Anayekimbia uzito wa AVG akaenda Avast, injini ni ile ile. Amebadilisha rangi ya dirisha tu. Ukiamua kutumia ya bure, chagua usakinishaji wa kuchagua mwenyewe na uondoe alama kwenye VPN, kivinjari chao, kisafisha diski na kile cha kuongeza spidi. Vitu hivyo huwaka pamoja na Windows kila asubuhi, na ndivyo vinavyofanya programu nzuri ionekane mbaya.

Na kuna kraki, yaani kuvunja leseni ya programu ya kulipia ili itumike bure. Ukitaka kuweka leseni ya kraki, hatua ya kwanza ya maelekezo huwa ni kuzima ulinzi. Fikiria hilo polepole: programu uliyoipata kwa mtu usiyemjua inakuomba uzime ulinzi ili ikuwekee ulinzi. Hata ikitokea haina virusi ndani, mara nyingi hufanya kazi kwa kuifungia antivirusi njia ya kuwasiliana na seva zake, na hapo umekata orodha mpya za virusi pamoja na wingu. Kinachobaki ni ikoni karibu na saa, tena inayokula RAM. Wale wanaoweka antivirusi mbili "kwa usalama zaidi" wanajiumiza kwa namna nyingine. Defender hujiondoa yenyewe kwenye zamu ikiona nyingine imeingia, lakini mbili za kampuni tofauti zitakagua kila faili mara mbili na kutiliana shaka zenyewe kwa zenyewe.

Kwa mwenye steshenari mambo ni tofauti, na hapo ndipo naona sababu ya kulipia. Flashi kumi na tano kwa siku zinapita kwenye mashine moja, kila moja imetoka kwenye kompyuta tofauti. Kirusi cha shortcut bado kipo: mwanafunzi anachomeka flashi, folda zake hazionekani, badala yake kuna vishale vidogo vyenye majina yale yale. Folda hazijafutwa, zimefichwa. Kila kishale kikibofywa hufungua folda na wakati huo huo huendesha skripti inayojinakili kwenye kompyuta, tayari kwa flashi itakayofuata. Defender haiikagui flashi nzima inapochomekwa. Husubiri faili lifunguliwe. ESET ya Slovakia inaweza kupangwa iikague flashi mara tu inapoingia, na kazi yake kubwa huifanya humo humo kwenye mashine, hivyo intaneti ikikatika haibaki kipofu. Kwa mashine ya steshenari ningelipia hiyo. Kaspersky nayo ni nyepesi na hufanya vizuri, ila mwaka 2024 Marekani iliizuia isiuzwe, na tangu Septemba mwaka huo isipewe masasisho, nchini mwake, kwa hoja za usalama wa taifa. Tanzania haina katazo hilo, lakini shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili wa Marekani lisome mkataba wake kwanza.

Kama kompyuta ya steshenari haina intaneti kabisa, Microsoft hutoa orodha ya virusi ya Defender kama faili moja liitwalo mpam-fe.exe, ambalo unaweza kulipakua mahali penye mtandao, ukalibeba kwa flashi safi na kulibofya. Ni zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo pakua kwenye Wi-Fi. Mara moja kwa wiki inatosha kuleta tofauti kubwa.

Wepesi peke yake pia si sifa ya kutosha. CrowdStrike, inayolinda mashirika makubwa, ilijitangaza kwa wepesi wa programu yake. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, viwanja vya ndege na hospitali vikiwemo. Kitu kinachokaa ndani kabisa ya kiini cha mfumo kikikosea, kompyuta haiwaki, na hapo uzito si hoja tena.

Limebaki moja ambalo naliona kubwa kuliko uchaguzi wa jina. Watu wengi wamezima masasisho ya Windows ili yasimalize bando, kisha wanatafuta antivirusi ya kufidia. Haifidii. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fedha, kilisambaa Mei 12, 2017 kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi 14; waliosasisha walinusurika. Na sasa Windows 10, ambayo ndiyo imejaa kwenye mashine zetu, iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 orodha za virusi hadi Oktoba 2028, na imetoa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, lakini matundu ya mfumo wenyewe baada ya hapo yatabaki wazi, na hakuna antivirusi, nyepesi au nzito, inayoyaziba yote.

Ukienda kununua laptop ya mtumba leo, utawekewa mezani HP EliteBook 840 mbili, G3 na G5, zinazofanana kwa mbali. Geuza macho kwenye jina la prosesa. Kwenye G3 utakuta kitu kama i5-6300U, kizazi cha 6, ambacho Windows 11 haikitambui rasmi. Kwenye G5 tafuta i5-8250U au i5-8350U, kizazi cha 8, ambacho kinakubalika. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo ya kutazama, kwa sababu zipo G5 zilizofungwa prosesa ya kizazi cha 7. Ukishaiona 8, muulize muuzaji kama ndani kuna SSD, na mwambie aiwashe mbele yako.